Kukata Biri Mbele ya Wakwe

Biri moja ya Kuba hupita mikononi mwa watu wengi kabla haijafika Dar es Salaam. Yuko mkulima wa Pinar del Río anayechuma majani kidogo kidogo, ya chini kwanza, ya juu mwisho. Wako wanaoyatunga kwenye miti na kuyaanika ghalani, wako wanaoyarundika yachachuke, yapoe, yarundikwe tena, wako wanaoyachambua kwa rangi na ukubwa. Mwisho yuko msokotaji wa Havana, amekaa mbele ya ubao wake na kile kisu chao bapa chenye umbo la nusu mwezi, anapanga, anakunja, anaviringisha, anaikagua kwa vidole. Kisha biri inawekwa sandukuni, inavuka bahari, inafika kwa Mjomba wangu, naye anaing'ata.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuishika, vijana wa siku hizi huiita siga. Haina karatasi. Ni jani tupu, la ndani, la kati na la nje, na upande wake mmoja umezibwa. Sigara ya dukani imefunguliwa huku na huku tangu kiwandani. Kazi yako ni kutafuta kiberiti tu. Biri imefunguliwa upande wa kuwashia peke yake. Upande wa mdomoni umefunikwa kofia, kipande cha jani kilichobandikwa kwa gundi ya mimea isiyo na ladha, na kofia hiyo lazima uikate wewe. Usipoikata, moshi hauna pa kutokea. Utavuta mpaka mashavu yakutane kinywani, na biri itabaki inakutazama. Ukiikata kupita kiasi, inafumuka. Kati ya kuziba na kufumuka kuna kama milimita mbili, na ndani ya milimita hizo mbili ndimo ukoo wetu ulimovunia sehemu kubwa ya aibu zake.

Mambo haya yasingetuhusu kama mdogo wangu asingempenda binti wa baharia. Baba wa binti ni mzee aliyemaliza ujana wake kwenye meli za mizigo, akastaafu na mguu mmoja mbovu na kabati la vioo lililojaa vitu vya bandari za watu. Washenga walipokwenda kwake walirudi na habari njema kwanza: posa imepokelewa, mahari ni ya kiungwana. Kisha wakaangaliana. Mzee ana sanduku la biri, wakasema. Mgeni wa kiume akishakula, anapewa moja. Halafu mzee anaegemea kiti, anakaa kimya, anamtazama mgeni anavyoikata.

"Nanyi mlizikataje?" Mjomba akauliza.

Mshenga mkubwa akasema tuyaache hayo. Kwenye kola ya kanzu yake kulikuwa na kipande cha jani la tumbaku kimegandia, na kwa heshima hatukumwambia.

Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Kwetu kijana havuti mbele ya mzee. Nimeona watu wazima wenye mvi na wajukuu wakizima sigara kwenye kiganja kwa sababu baba ametokea uchochoroni. Sasa mkwe mwenyewe akikunyooshea biri, unafanyaje? Ukiipokea na kuivuta, umemvutia moshi mzee atakayekupa binti yake. Ukiikataa, umemrudishia mkono mwenyeji mbele ya watu. Kikao cha ukoo kilikaa kwa hili kuliko kilivyokaa kwa mahari. Ikaamuliwa kwamba bwana harusi apokee, aikate kiungwana, na hatua ya kiberiti aachiwe Mwenyezi Mungu. Baada ya uamuzi huo mzuri ndipo ilipobainika kwamba ukumbi mzima hakuna ajuaye kukata biri.

Mjomba akajitangaza mwalimu. Sifa zake zilikuwa mbili. Alifanya kazi bandarini, na baba yake, kwa madai yake, aliwahi kumwashia biri Che Guevara. Kwamba Che alipita Dar es Salaam ni kweli. Mwaka 1965 alipita hapa, akavuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda kupigana Kongo, jina lake la vitani likiwa Tatu, na vita vilipomshinda alirudi akajifungia ubalozi wa Kuba hapa hapa mjini akiandika kumbukumbu zake. Lakini aliingia kwa siri, amenyoa zile ndevu zake, ana pasipoti yenye jina la mtu mwingine, huku dunia nzima ikiulizana yuko wapi. Babu, aliyekuwa akiuza madafu Kariakoo, alimtambua vipi, Mjomba hajawahi kutufafanulia.

Somo la kwanza la Mjomba lilikuwa meno. Kwenye filamu, alisema, wanaume wanang'ata na kutema. Ni kweli, ila kwenye filamu mtu hupewa biri nyingine kila mara wanapopiga picha upya. Jino halikati, linaponda. Linachukua kofia, linachukua na jani la nje pamoja na tumbaku ya ndani ambayo hakuna aliyeihitaji ulimini, na baada ya hapo kila ukivuta unakula. Mjomba alivuta biri ile akitema vipande kwa dakika nyingi, akisisitiza kwamba ndivyo inavyotakiwa.

Alipobanwa sana akahamia kwa Churchill. Inasimuliwa kwamba Winston Churchill hakuwa mtu wa kukata. Alikuwa analowesha kichwa cha biri, anakitoboa kwa njiti ndefu ya kiberiti, anapuliza upande wa pili kusafisha njia, basi. Njiti zake zilikuwa ndefu kweli kweli, zikiagizwa kutoka Kanada. Mjomba alikuwa na kiberiti cha dukani kwa Mpemba. Akachukua njiti, akalowesha kichwa cha biri kwa ulimi, akaizamisha njiti. Ni kwa bahati mbaya tu kwamba aliizamisha kwa upande wenye baruti.

Njiti ikakatikia ndani.

Mtu mwingine angeiweka biri ile kando. Mjomba aliiwasha, kwa sababu watoto walikuwa wanamtazama. Kwa muda hapakuwa na tatizo. Moshi ulipita pembeni ya njiti, mwembamba lakini ulipita. Kisha mmoja wa wajukuu, anayesoma vizuri hesabu, akauliza kwa sauti moto ukifika pale kwenye njiti itakuwaje. Sebule ikanyamaza. Tukaanza kuutazama ule moto ukirudi nyuma, nusu sentimita, nusu sentimita nyingine. Mjomba akawa anavuta kwa adabu ambayo sijapata kuiona kwake, mvuto mmoja mdogo, kisha anaishika biri mbali na masharubu. Kuitupa hakuweza, angekuwa ameshindwa na Churchill. Bi Mkubwa alitoka jikoni na kata ya maji, akasimama nyuma ya kiti chake bila neno, na moto ulipobakiza upana wa vidole vitatu akaimwagia biri, mkono na kifua cha shati. Hatukujua kamwe kama ingelipuka. Mjomba anasema isingelipuka.

Akaja Shemeji. Shemeji wangu ni mtu wa Urambo, mkoa wa Tabora, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Tumbaku mimi nimezaliwa nayo." Hatukuweza kubisha. Huko ndiko tumbaku ya nchi hii inakotoka kwa wingi. Ila ile ya kwao hukaushwa kwa joto la moto ndani ya mabani, inafungwa marobota, inaishia kwenye sigara. Majani ya biri hukauka kwa hewa tu, taratibu, kisha ndipo yanapochachushwa. Mtu anaweza kukulia katikati ya ekari za tumbaku na asione biri mpaka siku ya kuoa. Shemeji aliomba kisu cha jikoni na ubao wa kukatia vitunguu, akalaza biri juu yake, akakunja mikono ya shati, akakata upande wa kuwashia.

Upande ule ulikuwa wazi tayari. Akavuta upande wa pili, uliozibwa, mishipa ikamtoka shingoni. "Imeziba hii," akatangaza. "Bidhaa mbovu." Akaigeuza akakata na huko, safari hii kwa nguvu na kwa hasira kidogo, inchi nzima.

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana wengi huharibikiwa papa hapa. Msokotaji huanza jani la nje kwenye mguu wa biri, analizungusha kwa mshazari hadi kichwani, na huko kichwani analifunga kwa kofia. Kofia ndiyo inayolishika jani lote. Shemeji aliikata kofia yote, na bega, na sehemu ya shingo, kwa hiyo jani likawa halina linaposhikwa. Lilianza kujikunjua polepole mdomoni mwake wakati anaongea, likamgandia mdomo wa chini, kisha kidevuni. Akalibana kwa vidole viwili akaendelea kuvuta. Moshi sasa ulikuja kwa wingi na ukiwa wa moto, maana tundu lote lilikuwa wazi na tumbaku imelegea. Macho yakamjaa machozi. "Hii ndiyo inavutika," akasema.

Kwa upande wa uhifadhi sitasema mengi, ila lazima Bi Mkubwa apate haki yake. Biri zilizobaki za mazoezi alizihamishia kwenye friji ili zisiharibike, kati ya achari ya mbilimbi na dagaa wa Kigoma. Friji hukausha, na tumbaku hunyonya harufu ya jirani yake. Zilipotoka zilikuwa zimekauka kiasi kwamba ya kwanza kuguswa na kisu ilipasuka kutoka kichwani hadi katikati, na ikawa na harufu ya kitu ambacho wavuvi tu wangeweza kukitaja. Mjomba naye akatoa sanduku lake la siri, alilolihifadhi juu ya kabati kwa muda asiotaka kuutaja. Hilo Bi Mkubwa alikuwa ameshalitia karafuu zamani, kufukuza wadudu.

Wadudu hawakufukuzika. Kuna mdudu mdogo wa kahawia anayeishi kwenye tumbaku, na joto la pwani yetu ndilo linalomwangulia mayai. Watu wa biri duniani humwogopa kuliko kodi. Alikuwa amezitoboa biri za Mjomba kwa vitundu vidogo, safi, vilivyopangwa. Kwa hiyo hata ukikata kichwa vizuri, ukivuta unapata hewa ya ubavuni. Mjomba hakukubali. Aliiwasha moja, akaanza kuziba matundu kwa vidole vya mikono yote miwili, akainua kimoja, akashusha kingine, akitafuta mpangilio utakaopitisha moshi. Mpiga zumari kamili, ila hapakuwa na wimbo, palikuwa na harufu ya pilau.

Aliyetuokoa ni Daktari, mtoto wa Mjomba, aliyesoma udaktari Kuba na kurudi na shahada, Kihispania, na kikatio kidogo cha chuma chenye visu viwili vinavyokutana katikati ya tundu. Alianza kama daktari. "Tumbaku inaua," akasema. "Msijidanganye kwamba moshi wa biri haushuki kifuani. Saratani ya kinywa na ya koo haisubiri ushuke. Ningekuwa na amri, nisingewafundisha."

"Tumekuelewa, mwanangu," akajibu Mjomba. "Sasa tufundishe."

Daktari akachukua biri nzima ya mwisho, akaipitisha mbele ya macho yetu mmoja mmoja. Tukaona kwa mara ya kwanza kitu kilichokuwa mbele yetu siku zote: kichwani pana mstari mwembamba mahali kofia inapoishia. Biri za Kuba mara nyingi huonyesha mistari mitatu, kwa kuwa kofia yao hufungwa kwa tabaka. Na kabla ya mstari huo wa mwisho, kuelekea juu, pana bega, pale biri inapoacha kunyooka na kuanza kujipinda. Hapo juu ya bega ndipo pa kukata. Unaondoa ncha ya kofia tu, na kofia iliyobaki inakuwa pete ya kulishika jani. Milimita mbili, akasema, na akamtazama Shemeji.

Kwanza unalowesha kichwa kwa midomo, kidogo, kwa sababu jani kavu likikatwa linapasuka. Kisha unaleta visu viguse biri kabla hujabonyeza, uone vimekaa sawa, halafu unabonyeza mara moja, kwa haraka. Ukiwa mwoga ukabonyeza polepole, visu vinaminya kwanza ndipo vikate, na kichwa kinavimba pembeni. Kisu butu ni kibaya kuliko meno. Na kama mkono unatetemeka kwa sababu mkwe anakutazama, laza kikatio juu ya meza, visu vikiwa wazi, simamisha biri kichwa chini ndani ya tundu mpaka iguse meza, kisha kata. Meza inakuzuia kukata zaidi ya inavyopasa. Huu ujanja wa meza nauona ni akili kuliko mengine yote. Unampokonya mwanaume uwezo wa kukadiria.

"Kwa nini usikate kubwa mara moja, uvute kwa raha?" akauliza Shemeji, ambaye bado alikuwa na kipande cha jani kidevuni.

"Kwa sababu ukitaka kuongeza utaongeza, kupunguza huwezi. Kabla ya kiberiti, vuta hewa tupu. Hewa ikipita kwa upinzani mdogo, inatosha. Ikija kwa taabu, kata tena, unene wa ukucha. Jaribu tena."

Akatueleza pia kwamba unene wa biri hupimwa kwa sehemu za 64 za inchi. Ile inayoitwa Robusto, yenye urefu wa milimita 124, ni namba 50, yaani 50 kati ya 64, karibu milimita 20. Biri nene namna hiyo wengine hawaikati, huitoboa tundu la duara kichwani. Inaonekana nadhifu, na vipande haviji mdomoni, lakini tundu dogo kwenye biri nene hubana moshi, na utomvu mweusi wa tumbaku unajikusanya pale pale mlangoni mpaka ladha inakuwa chungu. Wako pia wanaokata kabari, mfereji unaoingia katikati ya kichwa, unaofungua njia ndani zaidi huku pembeni pakibaki pamefungwa. Mimi siupendi, una maringo. Zenye kichwa kilichochongoka ndizo zinazosamehe: unapunguza ncha, unajaribu, unapunguza tena, na kadiri unavyoshuka ndivyo tundu linavyopanuka.

Kisha Daktari akakata. Sauti ikawa moja tu, tak. Kikadondoka kiduara kidogo mezani, na biri ikavutika hewa vizuri tu. Watu wazima tukapokezana kile kiduara kukitazama, na Mjomba akakitia mfukoni.

Hata hivyo si kila biri isiyovutika imekatwa vibaya. Msokotaji naye ni binadamu, anaweza kusokota majani ya ndani yakajifunga fundo, na hapo ukate utakavyokata. Kuba wenyewe malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 viwanda vyao viliingiza mashine za kupima mvuto wa biri kabla haijavishwa jani la nje. Na sisi huku tuna masika. Watunzaji hutaka unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Masika ya Dar es Salaam hayajui hesabu hiyo, majani yanavimba, njia za hewa zinazibana. Dawa ni kuiacha biri ipumue mahali pakavu kidogo, au kuibinyabinya taratibu penye ugumu, au kupitisha sindano ndefu nyembamba katikati. Neno "sindano" Shemeji alilisikia. Tulipogeuka alikuwa ametoka na kurudi na spoku ya baiskeli, ameingiza kichwani mwa biri, imetokea ubavuni.

Siku ya chakula tukaenda Kurasini, wanaume wanne kwenye teksi moja, bwana harusi akiwa na kikatio cha Daktari mfukoni. Pilau ilikuwa pilau. Mzee baharia alituuliza habari za kila mtu, akatusikiliza, akacheka mahali pa kucheka. Sahani zilipoondolewa alinyanyuka kwa shida, akafungua kabati la vioo, akaleta sanduku la mwerezi, akamgawia kila mtu biri moja. Katikati ya meza akaweka kisu kidogo cha kukunja, kikali, cha meli. Akaegemea kiti.

Nikamwona mdogo wangu mkono unakwenda mfukoni. Kisha nikamwona uso wake ukibadilika, kwa maana alikuwa amefahamu jambo ambalo kikao kizima cha ukoo hakikulifikiria: kijana anayetoa kikatio chake mwenyewe mfukoni mbele ya baba mkwe amekwishajitangaza kuwa mvutaji wa siku nyingi. Mkono ukarudi mezani mtupu. "Mzee, naomba ruhusa nikate taratibu," akasema.

"Taratibu, mwanangu. Hatuna safari."

Alichukua kisu, akaizungusha biri juu ya makali, akaondoa kitu chembamba kuliko karatasi. Akavuta hewa, akatikisa kichwa. Akaondoa tena. Akavuta, akafikiri, akaondoa. Wakati huo Mjomba alikuwa ameshaing'ata ya kwake kwa mazoea na anatafuta pa kutemea kwenye nyumba yenye zulia. Shemeji, ninaapa, alikata vizuri kabisa, juu ya bega, na hakuna aliyemtazama. Macho yote yalikuwa kwa bwana harusi, anayeikwangua biri ya watu kwa adabu kubwa, kofia imekwisha, bega limekwisha, pete yenye jina la kiwanda imeteleza na kuanguka, naye bado anajaribu hewa na kutikisa kichwa. "Samahani, Mzee, bado inabana." Jani la nje lilikuwa limelala pajani mwake. Mzee hakusema kitu. Na ilipobaki pingili moja isiyoweza tena kuwashwa bila kuunguza pua, msikitini wakaadhini Alasiri.

Sijapata kuona watu wakiinuka kwa haraka namna ile kwenda kusali. Mlangoni, wakati mdogo wangu yuko bombani anatawadha, mzee baharia alimshika Mjomba mkono. "Yule kijana hajui kukata hata kidogo," akasema.

Mjomba akaanza kuomba radhi: watoto wa siku hizi, malezi, mambo ya mjini.

"Unaomba radhi ya nini? Kabla yenu alikuja mmoja hapa kumposa huyu binti. Alikata kwa pigo moja, akaiwasha kwa njiti moja, akanipulizia moshi kando kwa ustadi. Posa yake niliirudisha siku ile ile."

Harusi ilifungwa mwezi uliofuata, na walima wake ulikuwa na mambo yake ambayo si ya leo. Ila kikatio cha Daktari hakikumrudia mwenyewe. Nilikwenda kukitafuta kwa Bi Mkubwa Jumamosi moja, nikamkuta jikoni, sinia la bamia mapajani. Alikuwa anaingiza bamia kichwa mbele kwenye tundu, tak, kofia inadondokea kwenye bakuli, anaingiza nyingine. Niliokota moja nikaigeuza. Ilikuwa imekatwa juu ya bega, duara kamili, ndani hapakufunguka hata kitundu.

"Ukishuka hapo chini inatoa mlenda," akasema bila kuinua macho.

Nikamwambia Daktari anakiulizia, na Mjomba ana mgeni sebuleni na biri mbili mezani.

"Waambie wangoje. Hizi ni kilo mbili, na nyanya chungu bado sijazigusa."